Kuweka ziro na kulenga kwa bunduki ya kuwindia yenye darubini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu bunduki ya bolti (inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono) iliyofungwa darubini ya kawaida ya kuwindia. Hesabu zote zimetumia kaliba ya .308 Winchester, risasi ya greini 150 (takriban gramu 9.7) inayotoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 860 kwa sekunde. Kwa kaliba nyingine utaratibu ni huuhuu, zinazobadilika ni tarakimu.

Kuweka ziro ni kufanya nini hasa?

Kuna mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa jicho, unaopita katikati ya darubini hadi kwenye shabaha, nao umenyooka. Wa pili ni njia ya risasi, nao umepinda, kwa sababu risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Juu ya hayo, darubini imekaa kama sm 4 juu ya mtutu. Kuweka ziro ni kuifanya mistari hiyo miwili ikutane katika umbali ulioamua wewe.

Watu wengi huamini kwamba risasi "hupanda" kwanza ndipo ishuke. Haipandi yenyewe. Ni mtutu ulioinuliwa kidogo sana ukilinganisha na mstari wa jicho, ndiyo maana risasi hukata mstari huo mara mbili: mara ya kwanza karibu nawe ikielekea juu, mara ya pili mbali ikishuka. Ukilielewa hili, nusu ya mafumbo ya uwanja wa shabaha yamekwisha.

Nikague nini kabla ya kufyatua risasi ya kwanza?

Toa bolti, hakikisha chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) na magazini ni tupu, kisha kagua skrubu moja moja. Mpangilio ni huu: skrubu zinazoshika chuma cha bunduki kwenye mbao au plastiki yake, halafu za reli iliyo juu ya bunduki, halafu za pete za darubini. Kuanzia juu kwenda chini ni kupoteza muda, maana ukikaza pete huku reli inacheza hujafanya kitu.

Skrubu za kufungia kofia za pete, yaani nusu zake za juu, huhitaji nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Pete nyingi hutaka takriban nyutoni-mita 1.7 hadi 2, yaani inchi-pauni 15 hadi 18. Tumia bisibisi yenye kipimo cha mkazo, na kama karatasi ya mtengenezaji inataja kiasi kingine, fuata hiyo. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili mianya ya pande mbili za kofia ibaki sawa. Ukikaza kwa nguvu za mkono hadi meno yaumane, bomba la darubini hubonyea, na mtambo wa ndani unaosogeza msalaba (mistari iliyokatana unayolengea ndani ya darubini) huanza kukwama. Baada ya hapo utazungusha nobu, vile vifundo vya kurekebishia darubini, na hakuna kitakachosogea.

Safisha mafuta kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kufunga. Gundi ya skrubu ya rangi ya buluu inafaa kwenye skrubu za reli, tone moja tu. Kwenye kofia za pete haihitajiki.

Halafu pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao. Kama bunduki yako imetengenezwa ili mtutu uelee, yaani usiguse mbao, karatasi inapaswa kupita bila kukwama hadi karibu na chemba. Ikikwama upande mmoja, mbao huenda imevimba kwa unyevu au skrubu zimelegea. Mtutu unaoguswa upande mmoja hurusha risasi kwingine kila unapopata joto.

Mwisho, pangusa mafuta ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu. Risasi inayopita kwenye mtutu wenye mafuta mara nyingi huenda pembeni, na mafuta mengi yanaweza kuongeza shinikizo kupita kiasi.

Darubini ikae wapi?

Ilaze kwenye pete bila kukaza, weka ukuzaji wa juu kabisa, funga macho, pandisha bunduki begani kama unavyofanya porini, kisha fungua macho. Unapaswa kuona duara kamili lenye mwanga hadi ukingoni. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi mchanga, sogeza darubini mbele au nyuma hadi kitoweke. Nafasi kati ya jicho na kioo kwa darubini za kuwindia huwa sm 8 hadi 10. Ukisita kati ya sehemu mbili, chagua ile ya mbele zaidi, kwa ajili ya kipaji chako cha uso.

Msalaba nao usimame wima. Ning'iniza uzi wenye uzito mita 25 mbele yako, laza bunduki sawasawa kwenye mifuko ya mchanga, ulinganishe mstari wa wima wa msalaba na uzi. Msalaba uliolala kidogo hauonekani kuwa tatizo kwenye mita 100. Kwenye mita 300, kila unapopandisha kliki (hatua moja ya nobu) risasi itakuwa ikihamia pembeni.

Kabla ya kuondoka hapo, elekeza darubini angani (kamwe si kwenye jua), tazama kwa sekunde moja na uangalie pembeni, huku ukizungusha pete ya kioo cha jicho hadi msalaba uonekane mweusi na mkali papo hapo. Ukiukodolea macho muda mrefu, jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya.

Kuna njia ya kukaribia shabaha bila kuchoma risasi?

Ipo, na kwa bunduki ya bolti haihitaji kifaa chochote. Toa bolti. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga isitikisike. Chungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma hadi uone karatasi ya shabaha yenye doa kubwa jeusi, umbali wa mita 25, ikiwa katikati ya duara la mtutu. Bila kugusa bunduki, inua kichwa utazame kwenye darubini. Msalaba uko wapi? Zungusha nobu hadi msalaba ulale juu ya doa lilelile. Chungulia tena mtutuni uhakikishe hakuna kilichohama.

Angalia hapa: nobu zimeandikwa mwelekeo ambao *risasi* itahamia, wala si msalaba. Unapoutazama msalaba ukiwa umeishikilia bunduki imara, utauona ukienda kinyume na mshale. Hilo ni sawa, usichanganyikiwe.

Kwa nini nianze mita 25 wakati nataka ziro ya mita 100?

Kwa sababu bunduki ambayo haijarekebishwa inaweza kukosa karatasi nzima kwenye mita 100, na ukikosa karatasi hujui umekosa upande gani. Utabaki kupiga na kukisia. Kwenye mita 25 kosa la sm 60 kule mbali linakuwa sm 15 tu, tundu lipo kwenye karatasi, na unajua la kufanya.

Ila usiweke tundu katikati kabisa kwenye mita 25. Kwa kaliba ya mfano wetu, ukitaka ziro ya mita 100, risasi inatakiwa ipige kama sm 1.5 *chini* ya unapolenga kwenye mita 25. Ukiiweka katikati hapo, kwenye mita 100 itapiga kama sm 6 au 7 juu.

Kliki moja ni kiasi gani?

Soma kilichoandikwa juu ya nobu. Darubini nyingi za kuwindia ni za robo MOA. MOA ni dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii, na kwenye mita 100 ni sm 2.9. Kwa hiyo kliki moja ya robo MOA inasogeza risasi sm 0.73 kwenye mita 100, sm 0.36 kwenye mita 50 na sm 0.18 kwenye mita 25. Darubini za mili (miliradiani, kipimo kingine cha pembe) huwa na kliki ya 0.1, na hizo ni rahisi kwa anayetumia mita: sm 1 kamili kwenye mita 100, sm 0.25 kwenye mita 25. Nyingine zimeandikwa moja kwa moja "1 cm / 100 m", nazo ni hivyohivyo.

Tuseme kwenye mita 25 tundu liko sm 6 kushoto na sm 3 juu ya ulipolenga. Unataka liwe sm 1.5 chini. Kwa hiyo risasi ishuke sm 4.5 na iende kulia sm 6. Kwa robo MOA: 4.5 ÷ 0.18 ni kliki 25 chini, na 6 ÷ 0.18 ni kliki 33 kulia. Kwa mili: kliki 18 chini, 24 kulia. Kosa la kila siku ni kuhesabu kliki za mita 100 ukiwa umesimama mita 25, kisha kushangaa kwa nini risasi imesogea robo tu ya ulivyotaka.

Nipige risasi ngapi kabla ya kugusa nobu?

Kwenye mita 25, moja au mbili zatosha, maana unatafuta ukaribu tu. Kwenye mita 100, zisizopungua tatu, na usiguse chochote katikati yake. Hapa ndipo maboksi ya risasi huteketea bure: mtu anapiga moja, anazungusha kliki nne, anapiga nyingine, anarudisha kliki sita, na jioni anasema darubini ni mbovu. Kila bunduki hutawanya. Kama yako hutawanya sm 4 kwenye mita 100, tundu moja linaweza kuwa sm 2 kutoka katikati ya kundi bila kosa la mtu yeyote. Ukilifukuza tundu hilo, unaihamisha bunduki iliyokuwa sawa.

Katikati ya matundu matatu hupatikana hivi: unganisha mawili yoyote kwa mstari, tia alama katikati yake, kisha vuta mstari kutoka alama hiyo kwenda kwenye tundu la tatu. Theluthi ya kwanza ya mstari huo ndiyo katikati ya kundi. Pima kutoka hapo hadi ulipolenga. Usipime kutoka kwenye tundu "zuri" ulilolipenda.

Ukisharekebisha, piga tatu nyingine. Zikikaa vizuri, subiri mtutu upoe kabisa, kisha piga tano za kuthibitisha. Zoezi zima, kama skrubu zimekazwa na mtu ametulia, humalizika kwa risasi 15 hadi 20.

Mtutu ukipata moto kuna shida gani?

Mtutu wa kuwindia ni mwembamba ili usikuchoshe kuubeba, na wembamba huo huufanya upate joto haraka. Ukichemka hupinda kidogo sana, lakini kwenye karatasi huonekana: matundu huanza kutambaa, mara nyingi upande mmoja. Baada ya risasi tatu fungua bolti, simamisha bunduki kivulini, subiri dakika 10 au zaidi. Kipimo kisichohitaji chombo: ukishika mtutu karibu na chemba na ukaweza kuuacha mkono hapo bila kuungua wala kusikia usumbufu, endelea.

Mnyama atapigwa na risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi. Kwa hiyo tundu la kwanza la siku ndilo muhimu kuliko yote. Weka karatasi moja ya pekee, kila unapofika uwanjani piga risasi moja ya mtutu baridi juu yake, andika tarehe, ihifadhi. Baada ya siku tano karatasi hiyo itakuwa inakueleza ukweli ambao kundi la risasi za mfululizo haliwezi kukueleza.

Niegemeze bunduki vipi mezani?

Mfuko wa mbele ukae chini ya mbao ya mbele, kamwe si chini ya mtutu. Bunduki ikiegemea mtutu, risasi huruka juu na kila mara kivyake. Hakikisha pia kile kijiringi cha mkanda hakigusi mfuko, kwa sababu bunduki inaporudi nyuma kitagonga na kuivuruga. Chini ya kitako weka mfuko mdogo wa nyuma, na mkono usiofyatua uwe hapo ukiuminya: ukiminya msalaba unashuka, ukilegeza unapanda. Usiilaze bunduki juu ya kitu kigumu kama ubao mtupu au chuma, itaruka.

Kaa ukiwa umenyooka, kitako kimebana kwenye bonde la bega, shavu limelala mahali palepale kila mara. Sasa lenga, funga macho, vuta pumzi mbili, fungua. Msalaba umehama? Basi ulikuwa unaisukuma bunduki kwa misuli. Usiirudishe kwa mikono. Sogeza mwili au mifuko hadi macho yanapofunguka yaukute msalaba pale pale.

Kidole na pumzi je?

Weka nyama ya ncha ya kidole kwenye kifyatulio, si kiungo. Vuta pumzi, itoe kawaida, na kwenye kile kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine anza kuminya moja kwa moja nyuma, taratibu. Ukifika sekunde saba au nane hujafyatua, acha, pumua, anza upya. Jicho hukosa hewa na msalaba huanza kucheza.

Mlio unapotokea, kidole kibaki nyuma na jicho libaki kwenye darubini. Anayeachia kifyatulio haraka na kuinua kichwa kuona amepata nini huwa ameanza kuinuka kabla risasi haijatoka.

Ninajikunyata kabla bunduki haijalia. Nifanyeje?

Karibu kila mtu hujikunyata, na wengi hawajui, kwa sababu teke la bunduki huficha kosa. Mpe mwenzako akupakilie: mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi, wewe usijue ipi. Ikija ile bandia, utauona mtutu ukitumbukia chini au bega likisonga mbele. Hapo hakuna ubishi.

Tiba ni mazoezi ya kufyatua patupu: bunduki imekaguliwa mara mbili kuwa haina kitu, risasi zote ziko chumba kingine, ukuta ulio mbele ni wa kuzuia risasi. Minya mara 20 kwa siku, msalaba usitikisike kifyatulio kinapokatika. Bunduki za kisasa za risasi kubwa hazidhuriki kwa zoezi hili. Za .22 LR, ile kaliba ndogo, ni tofauti: pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo tumia risasi bandia.

Vaa kinga ya masikio, hata mbili kwa pamoja, za ndani na za nje. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 150, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita kuogopa teke ni kuogopa mlio. Kwa mazoezi ya wingi, .22 hujenga mkono bila kujenga woga.

Nikiyatazama matundu, nitajuaje kosa liko wapi?

Mstari wa kupanda na kushuka: pumzi haijatulia, mfuko wa mbele umehama kila risasi, au risasi zenyewe zina kasi tofauti. Mstari wa kulala: upepo, au kidole kinachosukuma pembeni, au bunduki inayolazwa kushoto na kulia. Makundi mawili yaliyo mbalimbali, kila moja limebana: kuna kitu kimelegea na kinakaa mahali pawili, anza na reli na pete. Matundu yanayotambaa kuelekea upande mmoja kadiri unavyopiga: joto, au mtutu unaogusa mbao. Tundu moja mbali na mengine manne yaliyobana: mara nyingi ni wewe, na kwa kawaida ulijua wakati bunduki inalia.

Kutawanyika ovyo bila umbo ni kesi ngumu zaidi. Usimtafute mchawi kwenye darubini kwanza. Kagua skrubu, badilisha aina ya risasi, mpe mpigaji mwingine mzuri bunduki hiyohiyo. Yote yakishindikana, ndipo darubini ishukiwe.

Nimezungusha nobu, risasi haikusogea. Kisha ikasogea yenyewe baada ya risasi mbili.

Mtambo wa ndani umechelewa kukaa. Darubini za zamani na za bei rahisi zina tabia hii. Zungusha kliki mbili kupita unapotaka, urudi mbili, kisha gonga nobu taratibu kwa plastiki ya bisibisi. Likiendelea, fanya jaribio la mraba kwenye mita 100: piga tatu, zungusha kliki 20 kulia, piga tatu, 20 chini, piga tatu, 20 kushoto, piga tatu, 20 juu, piga tatu. Wakati wote lenga sehemu ileile. Makundi yanapaswa kuchora mraba, na la mwisho lilale juu ya la kwanza. Lisiporudi nyumbani, darubini hiyo haifai kuaminiwa porini, hata kama kioo chake kinang'aa namna gani.

Ziro iwe umbali gani?

Kwa vichaka ambako hupigi kupita mita 120, weka mita 100 na usijisumbue. Faida yake ni kwamba upepo na makosa ya kukadiria umbali hayana nguvu hapo, kwa hiyo unaweka ziro ya kweli. Gharama yake ni kwamba risasi yetu ya mfano itashuka kati ya sm 10 na 13 kwenye mita 200, na zaidi ya sm 40 kwenye mita 300.

Kwa sehemu za wazi, iweke ipige sm 4 hadi 5 juu kwenye mita 100. Hapo ziro halisi huangukia karibu mita 180, kwenye mita 200 unakuwa kama sm 4 chini, na kutoka karibu hadi hapo unalenga katikati ya kifua bila kuwaza. Kifua chenye moyo na mapafu, kwa mnyama wa umbo la kati, ni duara la sm 15 hadi 20. Lakini hizi ni hesabu. Nenda mita 200 ukapige karatasi, maana bunduki yako haijui kilichoandikwa kwenye boksi la risasi.

Nikibadilisha aina ya risasi, ziro inabaki?

Chukulia kwamba haibaki. Hata uzito ukiwa uleule wa greini 150, mtengenezaji mwingine ana baruti nyingine na kasi nyingine, na mtutu hutetema tofauti. Tofauti ya sm 5 kwenye mita 100, hata kwa upande, si ya ajabu. Jaribu aina tatu au nne, chagua inayobana zaidi, nunua maboksi kadhaa yenye namba moja ya toleo, ndipo uweke ziro.

Darubini imenipasua juu ya jicho.

Ulisogeza kichwa mbele mno, au kitako hakikubana begani. Hutokea zaidi ukilala chini au ukipiga kuelekea mlimani, kwa sababu mikao hiyo husogeza jicho karibu na kioo. Jaribu mikao yote na bunduki tupu kabla ya kukaza pete.

Paralaksi ni nini, na inanihusu?

Tuliza bunduki kwenye mifuko, tazama shabaha, kisha sogeza jicho kidogo juu na chini bila kugusa bunduki. Msalaba ukionekana kuteleza juu ya shabaha, hiyo ndiyo paralaksi. Darubini nyingi za kuwindia zisizo na nobu ya tatu ya kurekebisha paralaksi zimewekwa kiwandani kwa yadi 100 hadi 150, na kwa umbali wa kawaida kosa ni dogo endapo shavu linakaa palepale. Darubini ya .22 huwekwa karibu yadi 50, kwa hiyo ukiihamishia kwenye bunduki kubwa utaona makundi yakipanuka bila sababu ya wazi.

Nitumie ukuzaji upi?

Mezani, wa juu. Ukitembea porini, wa chini, 3 au 4, kwa sababu mnyama akitokea mita 30 kwa ukuzaji wa 9 utaona manyoya tu usijue ni bega au paja. Kama msalaba wako una alama za kushukia (za kulengea mbali risasi inaposhuka) na unaonekana na ukubwa uleule kila unapobadilisha ukuzaji, alama hizo ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu.

Upepo unahamisha risasi kiasi gani?

Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni husukuma risasi ya mfano wetu takriban sm 2 kwenye mita 100, sm 9 kwenye mita 200 na zaidi ya sm 20 kwenye mita 300. Unaona haukui kwa mstari ulionyooka. Ukitokea mbele au nyuma yako, athari yake kwa umbali huu ni ndogo, iache. Usiweke ziro siku ya upepo mkali: utakuwa umeuandika upepo wa siku ile ndani ya darubini.

Ukipiga kuelekea juu au chini ya mteremko?

Kote kuwili risasi hupiga *juu* ya ulipotarajia, kwa sababu mvutano wa ardhi hufanya kazi kwa umbali wa kulala tu. Mnyama aliye mita 200 kwa mteremko wa digrii 30, mhesabu kama aliye mita 173. Kwa mita 100 usahau jambo hili.

Mezani napiga sm 3, porini nakosa. Tatizo nini?

Meza. Hakuna meza porini. Kundi la sm 3 au 4 kwenye mita 100 linatosha kabisa kwa uwindaji, na kulipunguza hadi sm 2 hakutakusaidia kama hujawahi kupiga ukiwa umepiga goti. Ukishaweka ziro, hama mezani.

Chukua sahani ya karatasi ya sm 15. Piga risasi tano kwa kila mkao: kulala, kukaa, kupiga goti, kusimama ukiegemea vijiti vitatu. Risasi zote tano zikiingia kwenye mita 100, sogea 125. Mahali ambapo moja inatoka nje ndipo mpaka wako kwa mkao huo, na kwa wengi mpaka wa vijiti huwa mfupi kuliko walivyofikiri. Kisha fanya hivyo moyo ukiwa unadunda, baada ya kukimbia mita 50. Zoea pia kuendesha bolti bila kushusha bunduki begani, maana risasi ya pili mara nyingi huhitajika haraka.

Nikiminya na isilipuke?

Mtutu ubaki umeelekea shabaha. Hesabu sekunde 30 hadi 60, kwa kuwa kiwashio wakati mwingine huchelewa, ndipo ufungue bolti uso ukiwa pembeni. Hatari kubwa zaidi ni mlio hafifu, "puu" badala ya kishindo, na teke dogo. Usipakie nyingine. Toa bolti uchungulie mtutu, kwa sababu kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani, na risasi itakayofuata itaupasua mtutu usoni pako.

Na nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo. Risasi ya kaliba hizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Maji na mawe huirudisha.

Nihakiki ziro mara ngapi?

Kabla ya kila msimu, baada ya safari ndefu ya gari au ndege, baada ya kufungua skrubu yoyote, ukibadilisha risasi, na bunduki ikianguka hata kama darubini haina mkwaruzo. Risasi tatu zatosha. Tia alama ya rangi ya kucha kati ya skrubu na pete: mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Ukiusafisha mtutu sana, piga risasi mbili au tatu za kuuchafua kabla ya kuamini tundu lolote, maana mitutu mingi hairudi kwenye ziro yake ikiwa safi kabisa.